Msomi Aliyekubali Kufundishwa

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, siku ya kufunga darasa kijijini



Leo mmemaliza darasa. Mnaweza kusoma gazeti. Mnaweza kuandika barua. Mnaweza kusoma mizani ya mnunuzi wa ufuta bila kumwita mtoto wa shule. Niliombwa nije niwape mawaidha, lakini mawaidha mmekwisha kuyasikia ya kutosha, na jua linapanda. Nitawasimulia habari za mtu mmoja msomi. Ila kabla ya habari zake nitawasimulia kosa langu mwenyewe, maana bila kosa hilo nisingejali kuzisoma.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa kijiji kimoja, si hiki, ila mvua yake ni kama ya hapa. Darasa letu la kisomo lilikuwa na shamba la ekari moja. Mimi nilikuwa na karatasi ya maelekezo. Karatasi ilisema: panda mahindi peke yake, kwa mistari, sentimita 75 kwa 30. Usichanganye mazao. Basi, nikaifuata karatasi kama sala.

Darasani alikuwamo bibi mmoja aliyepita miaka sitini. Akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na mvua ikikatika mwezi wa pili?" Nikamjibu, "Bibi, tufuate utaalamu." Hakusema neno tena. Shambani kwake mwenyewe alipanda mtama, na katikati ya mtama kunde, na kunde zile zilikuwa za aina mbili, na pembeni maboga. Mimi, kijana mwenye cheti, nililichukua darasa zima nikalipeleka kwenye shamba la bibi yule kuonyesha mfano mbaya. Naye yupo, amesimama na jembe lake, ananisikiliza.

Mvua ilikatika mwezi wa pili. Mahindi yetu yalikuwa yanatoa mbelewele, na ninyi mnajua mahindi yakikosa maji wakati ule yanakuwaje. Ekari nzima tulivuna debe moja na nusu. Bibi alivuna mtama, akavuna kunde, akakausha na majani ya kunde. Siku moja akaja nyumbani kwangu na bakuli la kunde. "Mwalimu, pika hizi," akasema. Ni hayo tu. Hakunicheka.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Mwisho wa msimu nilitakiwa kuandika taarifa. Nikaandika kwamba shamba halikufanya vizuri kwa sababu ya ukame, na kwa sababu wanakisomo hawakufuata maelekezo. Ndugu zangu, walifuata maelekezo yote! Mistari ilinyooka kama reli. Ule ulikuwa uongo, na mimi niliyekuwa nawafundisha watu kuandika ndiye niliyeuandika.

Baadaye, katika kusomasoma, nilikuta vitabu vya Mwingereza mmoja aitwaye Robert Chambers. Nilishangaa kuona mtu mwenye elimu kubwa hivyo anaandika juu ya makosa ya wataalamu, na anajihesabu mwenyewe kuwa mmoja wao. Nikasema, huyu ni mwenzangu.

Chambers alizaliwa Uingereza mwaka 1932, akasoma Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1958 alikuja Kenya, nchi ikiwa bado koloni, akafanywa afisa katika wilaya ya Samburu, makao yake Maralal. Wasamburu ni wafugaji. Serikali ya kikoloni wakati ule ilikuwa na mipango ya malisho. Ng'ombe wahesabiwe, wapunguzwe, sehemu fulani zifungwe, na mwenye kuingiza mifugo humo atozwe faini. Wafugaji hawakuipenda mipango hiyo, na ukoloni ulipofika ukingoni mipango nayo ikafa. Wasamburu hawakuacha kufikiri. Katika miaka ya 1980 mwanamke msomi, Louise Sperling, alikwenda kukaa nao, akaandika jinsi wafugaji hao wa ng'ombe walivyoanza wenyewe kufuga ngamia baada ya kuona ukame unavyowamaliza ng'ombe. Hakuna faini iliyowalazimisha. Walitazama, wakapima, wakajaribu. Mshikeni akilini huyo mama Sperling, tutakutana naye tena.

Kenya ilipopata uhuru Chambers alikuwa akifundisha maafisa huko Kabete, karibu na Nairobi. Kisha akaingia katika utafiti. Alichunguza mashamba makubwa ya kuhamishia watu, hasa shamba la mpunga la Mwea, akatoa kitabu mwaka 1969. Mwaka 1973 yeye na mwenzake Jon Moris wakatoa kitabu kizima juu ya Mwea. Kwa mtu wa mbali Mwea ilipendeza sana. Maji yanatiririka, mpunga wa kijani, mavuno mazuri, fedha zinaingia. Lakini mle kitabuni imo sura inayoeleza maisha ya wanawake. Walilima mpunga kwa jasho, na malipo yakaenda kwa mume. Kuni, ambazo walikotoka waliokota, hapa zilikuwa za shida na za kununua. Chakula walichozoea kulima hakikuwa na nafasi. Mama zangu mnatikisa vichwa. Hayo hayaonekani kwa mtu aliyesimama barabarani akitazama mpunga.

Toka mwaka 1972 Chambers alikuwa katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, na humo alifanya kazi miaka mingi. Alitafiti Bara Hindi na Sri Lanka, na aliendelea kurudi Afrika. Mwaka 1983 akatoa kitabu ambacho jina lake, kwa maneno yetu, lataka kusema kwamba wa mwisho na awe wa kwanza. Wa mwisho ni nani? Ni mkulima maskini, na nyuma yake mke wa mkulima maskini, na nyuma yao yule mgonjwa au mjane aliye mwisho wa kijiji ambaye hata mkutanoni hafiki.

Katika kitabu hicho anawaeleza wageni wanaotembelea vijiji kwa siku moja. Nikisoma sehemu hiyo nacheka peke yangu, maana ni sisi kabisa. Hebu tazameni anavyokuja mgeni.

Kwanza anachelewa kutoka mjini. Gari linapita barabara ya lami, na pale lami inapoishia ndipo hamu ya mgeni nayo inapoishia. Kwa hiyo anaona nyumba za kando ya barabara, zenye bati na duka. Wenye nyumba za nyasi walikwisha kusogea nyuma zamani. Akifika anapokewa na viongozi, na mfanyabiashara, na mkulima wa mfano, ambaye kila mwaka ni yule yule. (Kicheko.) Mnacheka, mnamjua. Anaongea na wanaume, kwani wanawake wako jikoni wanampikia kuku wake. Anaonyeshwa mradi uliotengenezwa kwa fedha za watu wa kwao. Anaona waliotumia huduma: waliokuja zahanati, waliokuja shule. Walioshindwa kuja atawaonaje? Tena ana adabu. Hataki kuuliza maswali ya aibu, kama nani halali na chakula tumboni. Na kama kazi yake ni visima, atauliza visima tu. Kama ni pamba, pamba tu.

Lakini jambo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wakati anaokuja. Mgeni huja kiangazi. Barabara kavu, ghala lina kitu, watu wanacheza ngoma, wanaoa. Anarudi na picha nzuri. Mwezi wa kwanza na wa pili hayupo. Ndio wakati ghala ni tupu, kazi ya palizi inavunja mgongo, malaria imezidi, mtoto anaharisha, fedha hakuna, na bei ya debe la mahindi imepanda, kwa sababu sote tunanunua kwa wakati mmoja. Ndio wakati mtu anakwenda kulima kibarua kwa mwenzake huku shamba lake linameza majani, au anauza mbuzi kwa bei ya kuku. Kama ungetaka kujua umaskini ungekuja wakati huo. Ila daraja limechukuliwa na maji. Chambers na wenzake walitoa kitabu kizima juu ya majira ya mwaka na umaskini, mwaka 1981.

Mimi mwenyewe, nikiri, safari zangu za ukaguzi nilizipanga kuanzia mwezi wa sita.

Sasa kuna jambo la pili katika kazi ya msomi huyu, nalo linatuhusu sisi wa jembe zaidi. Yeye na wenzake walisema kwamba mkulima naye ni mtafiti. Mwaka 1987 waliitisha mkutano Sussex juu ya jambo hilo, na mwaka 1989 kikatoka kitabu kinachomtanguliza mkulima katika utafiti. Utaratibu wa zamani ulikuwa hivi: mtaalamu anatafiti kituoni, mbegu inapatikana, bwana shamba anaileta, mkulima anaipokea. Mkulima asipoipokea anaitwa mjinga au mkaidi. Chambers na wenzake wakauliza, je, kama mbegu ile haimfai? Kituoni kuna mbolea, kuna maji, kuna vibarua, udongo umechaguliwa. Kwa mkulima kuna mwinuko, kivuli cha migomba, mbuzi wa jirani, na mikono miwili.

Hata sisi Tanzania tumeyaona ya kutomuuliza mkulima. Wazee wa Kongwa walisimuliwa na wazee wao. Mwaka 1946 wataalamu kutoka Uingereza walizunguka nchi yetu na nchi jirani kwa wiki tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, wakapanga mashamba ya karanga ya ekari zaidi ya milioni tatu. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa pori la Kongwa. Mvua ikawa haba. Udongo wa kule kiangazi hukauka ukawa kama tofali, karanga haing'oki. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikauacha mpango, ikiwa imepoteza pauni milioni 36 hivi. Mgogo yeyote mwenye mvi angewaambia juu ya mvua ile na udongo ule. Bure, bila pauni moja.

Pengine mtasema, haya ni maneno mazuri ya kumsifu mkulima, je, imeonekana kwa vitendo? Imeonekana, na nitawapeleka Rwanda, kwenye maharage.

Wanyarwanda hula maharage kuliko karibu watu wote duniani. Na hawapandi aina moja. Mama wa Kinyarwanda anapanda mchanganyiko, pengine aina kumi, pengine ishirini na zaidi kwa pamoja, nyekundu, nyeusi, za madoa. Mvua ikizidi, hii inaoza, ile inastahimili. Mchanganyiko wa shamba la karibu na nyumba si mchanganyiko wa shamba la mlimani. Wataalamu wa kituo cha Rubona walikuwa na utaratibu wao. Wanaanza na aina mia mbili hivi, wanachuja mwaka baada ya mwaka, mpaka zinabaki chache sana, na hizo chache ndizo mkulima anaonyeshwa.

Toka mwaka 1988 wakageuza. Mama Sperling niliyewataja alikuwa huko na watafiti wenzake. Wakawauliza wanavijiji, kwenu nani anasifika kwa kujua maharage? Wakatajiwa akina mama. Wakawaalika kituoni mapema, mbegu bado ziko nyingi, wakawaambia: tembeeni, tazameni, chagueni.

Akina mama wakaingia mistarini. Hawakutazama wingi wa punje peke yake. Hili litafaa chini ya migomba. Hili linataka udongo wenye samadi, mimi sina samadi. Hili linawahi, litatutoa katika njaa. Hili majani yake ni matamu. Kila mmoja alikuwa analiona shamba lake kichwani, kona kwa kona, na analitafutia kila kona mbegu yake.

Kisha mbegu zilizochaguliwa zikapandwa vijijini, kando ya mchanganyiko wa kawaida wa wenyeji, ili zipimwe. Zile za wataalamu, kwa jumla, zilizidi mchanganyiko wa wenyeji kwa kiasi kidogo tu. Zile za akina mama ziliongeza mavuno, kwa wastani, hadi asilimia 38. Maana yake, penye madebe kumi, karibu madebe kumi na manne. Msidhani wataalamu wale walikuwa wajinga. Wao ndio walioleta mbegu mpya kutoka mbali, ambazo mama wa kijijini asingezipata maisha yake yote. Ila kuchagua ipi ikae wapi, hapo mwenye shamba aliwashinda.

Na kuna jambo la kusikitisha la kuongeza. Mwaka 1994 yalitokea mauaji ya kimbari Rwanda. Watu waliuawa, wengine wakakimbia, mazao yakabaki shambani. Wataalamu wa nje waliogopa kwamba hata zile mbegu nyingi za maharage zimetoweka. Walipokwenda kuchunguza wakakuta aina nyingi bado zipo. Watu walipata mbegu kwa ndugu, kwa jirani, na kwenye soko la kijiji, kwa yule mama anayeuza kwa kibaba. Ghala la mbegu la nchi ile lilikuwa katika vibuyu na vikapu vya watu wa kawaida.

Sasa ngojeni kidogo. Namwona mzee mmoja hapa mbele ameanza kutabasamu kama mtu aliyeshinda kesi, na bwana shamba wetu amekunja uso. Sikuja kusema kwamba mkulima hakosei.

Mkulima anakijua sana kile anachokiona na kinachomgusa. Asichokiona kinamponyoka, kama kinavyomponyoka mtu yeyote. Huko Honduras, Amerika ya Kati, msomi Jeffery Bentley aliona kwamba wakulima walijua mimea vizuri mno, lakini nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya wadudu waharibifu hawakuwafahamu, kwa kuwa ni wadogo mno. Wengine hawakujua hata wadudu wanazaana namna gani. Walipoonyeshwa, hawakukaa kimya. Walianza majaribio yao wenyewe, kama kunyunyiza maji ya sukari kwenye mahindi ili sisimizi waje, wamle kiwavi. Ni kiwavi wa jamii ile ile ya viwavijeshi vamizi walioingia Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata wakawa wanatafuna mahindi yetu hapa.

Na hapa kwetu kuna sumukuvu. Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu ile huwezi kuionja wala kuinusa. Hapo ujuzi wa bibi hautoshi. Inatakiwa maabara, na inatakiwa mtaalamu atueleze tukaushe mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, tuyahifadhi yakiwa makavu kabisa. Mtu akiwaambia mkulima anajua kila kitu, anawapamba, na huenda anataka kura. (Kicheko.)

Kwa hiyo mtaalamu anatakiwa, ila aje na masikio. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Chambers na wenzake wengi wa Bara Hindi, Ethiopia, Kenya na kwingineko walieneza njia ya kukutana na wanakijiji ambayo wenyeji wenyewe ndio wanaochora na kuhesabu. Watu wanafagia uwanja, wanachora ramani ya kijiji kwa kijiti. Mawe ni nyumba, majani ni msitu, unga ni njia. Wanahesabu kwa punje za mahindi. Mgeni anakabidhi fimbo ya kuchorea, anakaa chini, ananyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu zaidi kwa sisi walimu. Jambo la ajabu ni kwamba watu ambao hawakuwahi kushika kalamu walichora ramani ambazo maafisa hawakuamini. Yule aliye mwisho wa kijiji, ambaye mkutanoni haongei, uwanjani anasogea, anaweka jiwe lake. "Mmeisahau nyumba yangu."

Hapo mimi nilipata taabu kidogo. Kazi yangu ni kusoma na kuandika, na hawa wasomi wanasema kijiti na kokoto vinatosha! Je, nimekuwa nikiwapotezeeni muda miaka miwili hii? Nimelifikiria sana jambo hilo. Ramani ya uwanjani jioni inafutwa na upepo na kuku. Mgeni akiondoka anaondoka na nakala ndani ya daftari lake, na ninyi mnabaki na uwanja mtupu. Bibi yangu wa kunde alikuwa na utafiti wa miaka arobaini kichwani, na taarifa iliyofika wilayani ilikuwa ya kwangu, ile ya uongo. Mle darasani hakukuwa na mtu mwingine aliyeandika. Laiti angekuwa na daftari lake: tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya kukatika, shamba la darasa debe moja na nusu, shamba langu kadha wa kadha. Ningethubutuje kuandika nilivyoandika?

Basi nina ombi, na bwana shamba tumekwisha kuzungumza naye. Msimu huu darasa halitakuwa na ekari moja ya karatasi. Kila atakayependa atenge kishamba kidogo ndani ya shamba lake, hatua kumi kwa hatua kumi, na kingine cha ukubwa ule ule kando yake. Kimoja apande kama anavyopanda siku zote. Kingine abadilishe jambo moja tu. Moja! Ukibadilisha mbegu, na nafasi, na samadi kwa mpigo mmoja, hutajua kilichosaidia ni kipi. Vishamba hivyo viwe udongo mmoja. Msiweke kimoja juu ya kichuguu, halafu mje kutuambia mbegu ni ya ajabu. Mbegu nyingine ataleta bwana shamba, nyingine mtapeana wenyewe. Na tufanye watu wengi, maana shamba la mtu mmoja linaweza kudanganya, mbuzi akiingia habari imekwisha.

Mwandike siku ya kupanda, siku mvua iliponyesha, wadudu mliowaona, siku mlizopalilia na ni nani aliyepalilia. Hilo la mwisho msilisahau. Mbegu inayoongeza debe moja na kumwongezea mama palizi ya tatu, mama ndiye wa kusema kama ni faida. Mkivuna pimeni kwa debe lile lile. Na iliyoshindwa iandikeni pia, kwa ukubwa ule ule wa herufi. Bwana shamba atakuja mwezi wa pili, ameahidi mbele yenu, na kama mto umejaa ataacha pikipiki ng'ambo.

Mwaka jana nilipita kijiji kile cha zamani. Nilikwenda kwa yule bibi kumweleza habari ya ile taarifa, maana hakuijua. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta. Kisha akaniuliza kama nimekuja na mfuko. Sikuwa nao. Akatafuta kitambaa, akanipimia kunde, vibaba viwili, zile aina zake mbili, kila moja na fundo lake. Hii inayotambaa, akasema, inakwenda na mtama. Hii nyingine inawahi, ila wadudu wanaipenda. Ziko hapa mezani. Kila mmoja achukue punje ishirini za kila aina, na kabla ya kutoka aandike jina lake katika daftari hili.